Kilobaiti 4 au 64? Swali lililobaki baada ya kupiga Windows

Kidole chake kilikuwa juu ya Enter, bado hajabonyeza.

Kompyuta ilikuwa ya dada mmoja mwenye studio ya picha na video za harusi. Ndani tulikuwa tumefunga diski mbili: SSD ya gigabaiti 256 kwa ajili ya Windows, na diski ya kuzunguka ya terabaiti 4 kwa ajili ya kazi za wateja. Flashi ya kupigia Windows ilishasomeka, skrini ya kuchagua lugha iko mbele yetu, na kijana ninayefanya naye kazi akabonyeza Shift na F10 kufungua lile dirisha jeusi. Akaingia diskpart, programu ya kupanga diski kwa amri. Akachagua diski, akaisafisha, akakata patisheni, yaani fungu la diski. Kisha akaandika:

format fs=ntfs unit=64k quick

"Kaka, nataka niweke klasta za 64 kote, C na D. Nimesoma kwamba zinaongeza spidi."

Klasta ni kipimo kidogo kabisa cha nafasi ambacho faili inapewa diskini. Nikamwambia D, ile ya kazi za wateja, sawa; C, ile ya Windows, aiache kama Windows inavyotaka.

"Kwa nini?"

Mwenye kompyuta alikuwa anasubiri, na Jumamosi ana harusi. Nikamjibu kwamba faili za mfumo ni ndogo ndogo, klasta kubwa zitamla nafasi. Akaridhika, akafuta alichoandika, tukaendelea na kazi.

Mimi ndiye sikuridhika. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilifungua maswali mengine ambayo yamenifuata kwa wiki kadhaa sasa. Kama hoja ni nafasi tu, mbona hatushuki zaidi, KB 2, KB 1, hata baiti 512? Na kama 64 kweli inaongeza spidi, gigabaiti chache si bei ndogo ya kulipa? Hii 4 imetoka wapi, na nani alisema inanifaa mimi?

## Uamuzi unaofanywa bila wewe

Ukipiga Windows kwa njia ya kawaida, hutaulizwa kitu kuhusu klasta. Unachagua diski, unabonyeza Next, na kinachofuata ni asilimia zinazopanda. NTFS, mfumo ambao Windows inautumia kupanga faili diskini, imeshafomatiwa kwa klasta za KB 4, kwa sababu ndicho kipimo cha kawaida kwa diski yoyote isiyozidi terabaiti 16. Ile orodha yenye maneno Allocation unit size unaikuta tu unapofomati diski nyingine baadaye, au ukipita kwenye dirisha jeusi kama alivyofanya kijana wangu.

Na uamuzi huo ukishafanyika, umefanyika. Windows yenyewe haina amri ya kubadilisha ukubwa wa klasta bila kufomati upya. Zipo programu za nje zinazodai kufanya hivyo huku data ikiwa mle mle ndani, lakini maana yake ni kuhamisha na kupanga upya karibu kila kitu kilichomo kwenye diski. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, sitaki kuwa fundi wa zamu.

Ndiyo maana naona swali lina uzito. Mambo mengi ya Windows unayarekebisha baadaye kwa kubofya mara mbili tatu. Hili unalilipia kwa kuanza upya.

## Ushauri wenye umri mkubwa

Nilianza kwa kujiuliza ushauri wa klasta kubwa ulizaliwa wapi, maana mtandaoni kila mtu anaurudia kana kwamba ni wa jana.

Klasta ni kipande kidogo kabisa ambacho mfumo wa faili unakubali kumgawia mtu. Mwenye ghala anayekodisha vyumba vizima tu hana habari na ukubwa wa mzigo wako: ukija na kapu moja la nyanya, utalipia chumba. Faili ya KB 5 kwenye klasta za KB 4 inachukua klasta mbili, yaani KB 8, na zile KB 3 zilizobaki hakuna faili nyingine itakayozigusa.

Wakati wa FAT16, mfumo wa faili wa zamani kabla ya NTFS kuenea, hili lilikuwa maumivu ya kweli. Jedwali lake lilihesabu kwa biti 16, hivyo lisingeweza kuhesabu zaidi ya klasta 65,500 na ushee. Diski ikiwa ndogo, sawa. Diski ikifika gigabaiti 2, njia pekee ya kuienea ni kuvimbisha klasta hadi KB 32. Fikiria diski ya gigabaiti 2, ambayo wakati huo ni mali, ambapo barua ya KB 1 inakaa kwenye KB 32. Watu walikata diski moja vipande vitatu vinne ili tu klasta zipungue. FAT32 ilipokuja mwaka 1996 na toleo la pili la Windows 95, kilio kikapungua: hadi gigabaiti 8 ungeweza kubaki na klasta za KB 4.

Lakini FAT ilikuwa na tabia nyingine iliyozaa ushauri wa upande wa pili. Ili kujua faili iko wapi, inafuata mnyororo: klasta hii inaelekeza kwenye ile, ile inaelekeza kwenye nyingine, moja baada ya moja hadi mwisho. Faili ya gigabaiti 1 kwa klasta za KB 4 ni mnyororo wa pingili 262,144. Kwa klasta za KB 32 ni pingili 32,768. Hapo mtu akikuambia klasta kubwa ni nyepesi, ana haki yake.

NTFS, iliyotoka na Windows NT 3.1 mwaka 1993, haifanyi hivyo.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka. NTFS inaandika mahali pa faili kwa mafungu: anza klasta fulani, endelea mbele klasta kadhaa. Faili ikiwa imelala mfululizo, iwe ya megabaiti 10 au gigabaiti 10, fungu moja linatosha kuieleza, bila kujali klasta ni ya KB 4 au 64. Windows haiombi diski klasta moja, ikapumzika, ikaomba nyingine. Inaomba kipande kirefu kwa mkupuo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile hadithi ya spidi imerithiwa kutoka mfumo ambao hatuutumii tena kwenye diski ya Windows.

Sehemu kubwa, si yote. Kwenye diski ya kuzunguka, faili inayovunjika vipande inalazimisha kichwa cha kusomea kurukaruka, na klasta ikiwa kubwa, kipande kidogo kabisa kinachoweza kutokea nacho kinakuwa kikubwa. Faili ya gigabaiti 4 haiwezi kusagwa vipande vya KB 4 kama kipimo cha chini ni 64. Hiyo ni faida halisi kwa diski ya video. Kwenye SSD hakuna kichwa kinachoruka, na faida hiyo inayeyuka karibu yote.

## Neno Shikamoo kwenye Notepad

Nilitaka nione kwa macho. Jaribio hili unaweza kulifanya sasa hivi kwenye Windows 10 au 11, halihitaji chochote.

Fungua Notepad, andika neno Shikamoo, hifadhi kwenye diski C. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, nenda Properties. Utaona mistari miwili. Size: baiti 8, herufi nane za neno lenyewe. Chini yake, Size on disk: 0.

Sifuri!

Mara ya kwanza nilidhani dirisha limekosea. Halijakosea. NTFS ina jedwali lake kuu, MFT, ambamo kila faili ina rekodi ambayo kwa kawaida ni KB 1. Faili ikiwa ndogo kiasi cha kuenea ndani ya rekodi hiyo, pamoja na jina lake na tarehe zake, inawekwa humo humo. Haipewi klasta hata moja.

Sasa rudi kwenye faili, nakili Shikamoo yako uibandike tena na tena hadi ipite baiti 2,000, hifadhi, angalia tena. Size on disk imeruka kutoka 0 hadi KB 4, baiti 4,096 kamili. Nakili faili hiyo hiyo kwenye flashi uliyoifomati NTFS kwa klasta za 64. Sasa ni baiti 65,536, kwa salamu ile ile.

Baada ya hapo fungua C:\Windows\WinSxS\Manifests. Subiri kidogo, folda inachukua muda kufunguka. Panga kwa ukubwa, kisha sogeza chini, endelea kusogeza. Ni maelfu kwa maelfu ya faili, na nyingi mno zimeandikwa KB 1, KB 1, KB 2, KB 1. Hiyo ni folda moja. Ongeza vifaili vya madereva, njia za mkato, aikoni, kashe ya kivinjari, mipangilio ya kila programu. Diski ya mfumo ni soko la rejareja.

Tuseme diski C ina faili 300,000, idadi ambayo kompyuta iliyotumika muda inaifikia bila shida. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila faili, kwa wastani, inapoteza nusu ya klasta yake ya mwisho. Kwa klasta za KB 4 hiyo ni KB 2 mara 300,000, kama megabaiti 600. Kwa klasta za 64 ni KB 32 mara 300,000, zaidi ya gigabaiti 9. Na hiyo nusu inawapendelea wanaotaka 64, kwa sababu faili ya KB 3 ndani ya klasta ya 64 haipotezi nusu, inapoteza karibu yote. Kwenye SSD ya gigabaiti 256 ya yule dada ingeuma. Kwenye zile za gigabaiti 128 zinazokuja na laptopu za mtumba, ingekuwa dhuluma.

## Mbona basi tusishuke?

Hili ndilo swali ambalo kijana hakuniuliza, na ndilo lililonisumbua zaidi. Kama ndogo inaokoa nafasi, twende baiti 512.

Jibu nililolipata liko nje ya mfumo wa faili kabisa. Tangu Intel 80386 ya mwaka 1985, prosesa za familia hiyo zinagawa kumbukumbu kwa kurasa za KB 4. Windows inapopandisha kipande cha programu kutoka diskini kwenda RAM, inapandisha kwa kurasa. Inaposhusha kitu kwenye faili ya akiba inayosaidia RAM, inashusha kwa kurasa. Klasta ya KB 4 ni ukurasa mmoja, hakuna masalia ya kuungaunga.

Halafu diski zenyewe, ambazo husoma na kuandika kwa vipande vinavyoitwa sekta, zikaja kukutana na namba hiyo. Kuanzia karibu mwaka 2010 watengenezaji walianza kuhama kutoka sekta za baiti 512 kwenda sekta za baiti 4,096. Diski nyingi bado zinajitambulisha kwa mfumo endeshi kama za 512, ila ndani zinafanya kazi kwa 4,096. Ukiandika baiti 512 tu, diski inalazimika kusoma sekta nzima, kubadilisha kipande, na kuirudisha yote. Ukiwa na klasta za 512 unaiomba kazi hiyo mara kwa mara.

Kuna jambo linafanana na hili ambalo mafundi wa mashine za mtumba wanalijua kwa jasho. Windows XP ilikuwa inaanzisha patisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63. Kwa diski za zamani haikuwa na neno. Ukihamisha XP hiyo kama ilivyo kwenda diski mpya ya sekta za 4,096, kila klasta inakaa imepanda juu ya sekta mbili, mguu huku mguu kule, na mashine inakuwa nzito bila sababu inayoonekana. Windows Vista na zote zilizofuata zinaanzia megabaiti 1, na tatizo likaisha. Zilikuwepo pia XP zilizogeuzwa kutoka FAT32 kwenda NTFS kwa amri ya convert zikabaki na klasta za baiti 512. Mwenye mashine analalamika kwamba RAM imeongezwa na bado inasinzia, kumbe faili zake zimesagwa kama unga.

Kwa hiyo 4 si namba iliyookotwa. Ni mahali ambapo prosesa, diski na faili za mfumo zinakutana bila kusukumana.

## Unachokipoteza ukitoka kwenye 4

Nilipofika hapa nilikuwa tayari na jibu la C. Nikaendelea kuchimba kwa sababu ya D, maana ile ndiyo tulikuwa huru kuiamua.

Klasta ikizidi KB 4, ukandamizaji wa NTFS unazimika. Ule wa kubofya Properties na kuweka tiki ya kubana faili. Unafanya kazi kwa mafungu ya klasta 16, na Microsoft wameuwekea ukomo hapo hapo kwenye KB 4. Kwa video za harusi haina maana yoyote, video imeshabanwa na kamera. Kwa diski ya nyaraka za ofisi ina maana.

Upande wa pili kuna jambo linalovuta kinyume, na ningependa walioshika seva walisome mara mbili. Zile nakala za zamani ambazo Windows Server inazitunza, zinazomwezesha mwalimu kurudisha faili aliyoifuta jana kupitia Previous Versions, zinahesabu mabadiliko kwa vipande vya KB 16. Diski yenye klasta chini ya 16 ikifanyiwa difragi, yaani vipande vya faili vikikusanywa pamoja, mfumo hauwezi kutofautisha faili iliyohamishwa tu na faili iliyobadilishwa. Unaona mabadiliko makubwa, nafasi ya akiba inajaa, na nakala za zamani zinafutwa kupisha mpya. Microsoft wanashauri KB 16 au zaidi kwa diski ya namna hiyo.

Yaani huduma moja inataka usizidi 4, nyingine inataka usipungue 16. Huwezi kuzipata zote mbili kwenye diski moja. Hakuna kipimo cha kawaida kitakachokuamulia hapo, lazima ujue diski inakwenda kufanya nini.

Wenye hifadhidata hawana mgogoro huo. SQL Server inaandika kurasa za KB 8 na kuzigawa nane nane, jumla KB 64, na ushauri wa Microsoft kwa diski za data zake ni klasta za 64. Kama unaandaa seva ya chama cha akiba na mikopo au ya zahanati, fomati D kwa 64 kabla hujaanza kusakinisha. C iache.

Flashi nazo zina hadithi yake. Flashi au kadi inayozidi gigabaiti 32 ikifomatiwa na Windows kwa exFAT, mfumo wa faili wa flashi na kadi, klasta zake kwa kawaida ni KB 128. Nzuri kwa sinema, mbaya kwa folda ya shule yenye maelfu ya vifaili vya Word na picha ndogo ndogo. Mtu ananakili folda, flashi inajaa kabla ya wakati, anaamini kauziwa feki. Feki zipo, tena nyingi, ila siku nyingine ni hesabu ya klasta tu. Zibane kwanza kwenye faili moja ya zip, zitaingia.

## Upande wa Linux

Wanaotumia Ubuntu wataniuliza kwao ikoje. Kisakinishi hakikuulizi pia, na ext4, mfumo wake wa faili, inachukua bloku, ndizo klasta za huko, za baiti 4,096. Kwa miaka mingi bloku hazikuweza kuzidi ukurasa wa kumbukumbu wa mashine, kwa hiyo kwenye kompyuta zetu za kawaida watu wamebaki kwenye 4.

Kinachoumiza huko ni kingine. Wakati wa kufomati, ext4 inaamua pia idadi ya inodi, yaani rekodi zinazotunza habari za faili, na kila faili inahitaji yake. Kawaida ni inodi moja kwa kila baiti 16,384 za diski, na baada ya hapo uwiano huo haubadiliki bila kufomati upya. Seva ya barua pepe yenye vifaili vidogo milioni kadhaa inaweza kugoma na kusema hakuna nafasi, wakati df -h, amri ya kuonyesha nafasi, inaonyesha nusu ya diski iko wazi. Andika df -i, inayohesabu inodi, utaikuta asilimia 100. Anayejua mapema kwamba seva yake ni ya vifaili vidogo anafomati na -T news, inapata inodi moja kwa kila bloku ya 4,096. Mwenye video anaweza kwenda kinyume kwa -T largefile, inodi moja kwa megabaiti 1.

Ni swali lile lile limevaa nguo nyingine: faili zako zina ukubwa gani? Na linataka jibu kabla hujajua.

## Hata patisheni ndogo ina hesabu yake

Nimefurahi kugundua kwamba hata ile patisheni ndogo ya EFI, yenye faili za kuanzisha mfumo kompyuta inapowaka, ambayo vijana wengi wanaifuta wakidhani ni uchafu, imepangwa na klasta. Ni ya FAT32, na FAT32 haikubali kuwa na klasta chini ya 65,525. Kwenye diski za kawaida megabaiti 100 zinatosha. Kwenye diski ambazo sekta zake ni 4,096 waziwazi, bila kujifanya 512, klasta haiwezi kuwa ndogo kuliko sekta. Kwa hiyo 65,525 mara baiti 4,096 inakupeleka megabaiti 256, na ndiyo maana Microsoft wanataka patisheni hiyo iwe angalau megabaiti 260 kwenye diski za aina hiyo. Ukiona mwongozo mmoja unasema 100 na mwingine 260, hakuna anayekudanganya.

## Tulichofanya na kinachofuata

Kwenye kompyuta ya studio, C ilibaki 4 na D ikawa 64. D ikija kubeba faili 10,000 za video na picha kubwa, upotevu ni kama megabaiti 320 ndani ya terabaiti 4, haionekani. Kashe ya programu ya kuhariri, zile picha ndogo za kutazamia na faili za mawimbi ya sauti, tulizielekeza zikae kwenye SSD, kwa sababu zenyewe ni nyingi na ndogo. Nimemkalisha kijana na kumpitisha kwenye haya yote kuanzia Shikamoo ya Notepad, na maswali aliyonirudishia yalikuwa makali kuliko langu.

Ukitaka kujua mashine yako ina klasta gani, fungua dirisha jeusi kama msimamizi, andika fsutil fsinfo ntfsinfo C: na utafute mstari wa Bytes Per Cluster. Ukikuta 4096, uko salama. Ukikuta 512, hiyo mashine ina historia, muulize aliyekuuzia.

Kazi inayofuata ni seva ya faili ya shule moja ya sekondari, na hiyo imenipa mtihani kuliko studio. D yake ni terabaiti 2, karibu yote nyaraka za walimu: mitihani, mipango ya masomo, majedwali ya alama. Faili ndogo, zinazobanika vizuri sana, kwa hiyo moyo unavuta kwenye 4. Lakini ni walimu zaidi ya 40 kwenye folda moja, na mara kwa mara kuna anayeandika juu ya faili ya mwenzake. Wanachohitaji kuliko kitu kingine ni kurudisha toleo la juzi. Nimeamua 16. Hata zikifika faili 200,000, nitakuwa nimepoteza gigabaiti 1.6 hivi, na bado diski ya nje ya chelezo itabaki pale pale kwa sababu Previous Versions haikuokoi diski ikifa. Kama kuna aliyewahi kuendesha seva ya namna hii kwa 4 na nakala zake zikadumu muhula mzima, aniandikie alipanga vipi ratiba ya difragi, maana kufomati ni wiki ijayo.